Ari ya mwalimu darasani inatoka wapi? Nasema si wito

#1 Chaki Nyeupe (mleta mada)
Habari za humu, wakuu.

Ualimu ukitajwa tu, utasikia "wito". Mwenye wito atafundisha vizuri, asiye nao atapiga soga mpaka kengele. Napinga. Ari haiingii darasani na mwalimu ikiwa imekamilika. Inatengenezwa humo humo, kipindi kwa kipindi, na malighafi yake ni moja: kuona kwa macho kwamba kuna jambo ambalo wanafunzi hawakuliweza kipindi kilipoanza na sasa wanaliweza. Mwalimu anayemaliza wiki sita hajui kama mada imeingia au imepita juu ya vichwa atachoka tu, hata wito wake uwe mkubwa namna gani.

Shida ya kazi hii ni kwamba jibu huchelewa. Mtihani unakuja mwisho wa muhula, na ukifika hakuna tena cha kurekebisha. Kwa hiyo inabidi mwalimu ajitengenezee jibu la kila siku. Njia rahisi ni hii. Zikibaki dakika tano, andika swali moja ubaoni. Moja tu. Kila mwanafunzi anajibu kwenye robo karatasi na kuiacha mezani akitoka. Zipange mafungu matatu: waliopata kwa njia sahihi, walioanza vizuri wakakwama, na wasiojua hata pa kuanzia. Karatasi 45 hazimalizi dakika kumi kwa sababu huweki maksi wala huandiki maoni, unapanga tu. Kipindi kinachofuata anza na fungu la kati. Hilo ndilo linalosogea haraka, na mwalimu analiona likisogea.

Wenye maelezo tofauti karibuni.

#2 Dawati la Nyuma
Nimeshakaa. Walimu waanze kusahihishana sasa.

#3 Bi Hisabati
Mleta mada, umeruka sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni swali lenyewe. Swali baya litakupa fungu la kwanza lililojaa na furaha ya bure. "Mmeelewa?" si swali. "Taja sifa tatu za…" linapima kumbukumbu ya dakika kumi zilizopita.

Swali zuri ni lile ambalo kila kosa lina jibu lake. Mfano wa sehemu: 1/2 + 1/3. Anayeleta 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Anayeleta 2/6 amepata asili ya pamoja lakini akasahau kubadili namba za juu. Hao ni watu wawili wanaohitaji maelezo mawili tofauti, na bila kutazama karatasi utawafundisha kitu kimoja. Mfano wa desimali: panga kuanzia ndogo, 0.35, 0.4 na 0.125. Anayezisoma kama namba nzima atakuletea 0.4, 0.35, 0.125, yaani kinyume kabisa. Usiulize "ipi kubwa kati ya mbili", maana hapo nusu ya darasa inaweza kupata kwa kubahatisha.

#4 Mzee wa Ratiba
Mnazungumza karatasi, hamzungumzi tumbo. Mwanasaikolojia Herzberg na wenzake mwaka 1959 walitenganisha mambo mawili: yanayomfanya mtu achukie kazi (mshahara, usimamizi mbovu, mazingira) na yanayomfanya aipende (mafanikio, kutambuliwa, kazi yenyewe). Ya kwanza yakikosekana, ya pili hayafanyi kazi. Mwalimu anayewaza nauli ya kurudi nyumbani hawezi kuona uzuri wa fungu la kati. Tengeneza kwanza ya kwanza.

#5 Kalamu Nyekundu
Naunga mkono #4, ila nataja adui mwingine asiyetajwa: madaftari. Fanyeni hesabu. Mikondo mitano yenye wanafunzi 45 ni madaftari 225. Dakika mbili kila moja ni dakika 450, saa saba na nusu kwa zoezi MOJA. Mikondo ikiwa na wanafunzi 80 zinakuwa dakika 800, zaidi ya saa kumi na tatu. Halafu mtu anauliza kwa nini mwalimu anaingia darasani amenuna.

Kinachosaidia ni kuacha kusahihisha yote. Chukua madaftari 12 kila mkondo, yachague kabla ya kujua nani kafanya nini, yasome kwa makini, kisha andika ukurasa mmoja wa maoni ya darasa zima: makosa matatu yaliyojirudia, mfano mmoja wa kazi nzuri bila jina, na swali moja la kurekebisha ambalo wote wanalifanya dakika kumi za kwanza. Ni madaftari 60 badala ya 225, kama saa mbili. Mzunguko wa nne unamkuta kila mwanafunzi. Yanapoharibika ni hapa: mwalimu anachagua yale yaliyo juu ya rundo, na yaliyo juu ni ya waliowahi kumaliza. Anasoma kazi za wenye nguvu kila wiki na kujidanganya.

#6 Mdadisi
Mzee wa Ratiba, nyongeza mbili. Watu waliohojiwa na Herzberg walikuwa wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani, kama 200 hivi. Hapakuwa na mwalimu. Pili, hakusema kwamba ya kwanza yakikosekana ya pili hayafanyi kazi. Alisema ni mizani mbili tofauti: ukiondoa kero unapata mtu asiye na kero, hupati mtu mwenye ari. Maana yake ushahidi wako unamsaidia mleta mada kuliko wewe.

Na hata hiyo mbinu ililaumiwa baadaye: ukimwuliza mtu lini alifurahia kazi atajitaja mwenyewe, ukimwuliza lini alichukia atataja bosi na mazingira. Huenda mizani mbili zimetokana na namna ya kuuliza.

#7 Fizikia Tu
Bi Hisabati, kwa heshima, swali lako la desimali lina tundu. Kuna wanafunzi wanaoamini "tarakimu nyingi baada ya nukta ni namba ndogo". Hao watapanga 0.125, 0.35, 0.4, na ndilo jibu sahihi. Wamepata kwa imani potofu, na wewe umewaweka fungu la kwanza.

Badilisha 0.125 uweke 0.425. Jibu sahihi ni 0.35, 0.4, 0.425. Anayesoma kama namba nzima ataleta 0.4, 0.35, 0.425. Anayeamini ndefu ni ndogo ataleta 0.425, 0.35, 0.4. Majibu matatu, vichwa vitatu, hakuna mgongano.

#8 Bi Hisabati
@Fizikia Tu naichukua hiyo. Ahsante.

#9 Dawati la Nyuma
Mleta mada kauliza ari, sasa tunapanga desimali. Uzi huu utakuwa mrefu.

#10 Chaki Nyeupe
Ndiyo hasa ninachosema, Dawati. Tazama walivyochangamka hapo juu kwa sababu ya swali moja la desimali. Hakuna aliyewahutubia kuhusu wito.

Mtafiti wa elimu Guskey mwaka 1986 aliupanga mfuatano hivi: mwalimu anabadili anachofanya darasani, matokeo ya wanafunzi yanabadilika, ndipo imani yake inabadilika. Semina nyingi huanza na imani, zinahubiri siku mbili, na wiki inayofuata kila kitu kiko pale pale. Imani inakuja mwisho, baada ya ushahidi.

#11 Mkaguzi Mstaafu
Mfuatano huo mzuri, lakini hauna hatua sifuri. Nini kilimfanya mwalimu ajaribu hicho kitu kipya kabla ya kuona matokeo? Mtu asiye na sababu yoyote ndani yake hajaribu. Mkifika hapo mtarudi kwenye kile mnachokikimbia, yaani wito.

Mimi naona kiini ni mamlaka ya mwalimu juu ya kazi yake. Wanasaikolojia Deci na Ryan, katika kazi yao ya mwaka 1985 na zilizofuata, wanataja mahitaji matatu: mtu ahisi anaamua, ahisi anaweza, ahisi ana watu. Mleta mada anashughulikia la pili tu. Na Pelletier na wenzake mwaka 2002 waliwaangalia walimu wa Kanada wakakuta shinikizo la pande mbili, kutoka juu (mtaala, wenzake, viwango) na kutoka chini (wanafunzi wasio na hamu). Kadiri mwalimu anavyobanwa, ndivyo ari yake ya ndani inavyopungua, na mwenye ari ndogo naye anawabana wanafunzi. Mnyororo mzima.

Kwa vitendo: mpeni mwalimu lengo na tarehe, mwachieni njia. Mpangilio wa mifano, aina ya maswali, ukaaji wa darasa, zoezi lipi aliruke, hivyo ni vyake. Andalio la somo likiwa na vipengele vichache (lengo, swali la kupima lengo, kosa linalotarajiwa, hatua) linatosha. Likiwa na safu kumi na moja za kujaza, linajazwa kwa ajili ya anayelikagua.

#12 Dawati la Nyuma
Shikamoo mzee. Mkaguzi anatetea uhuru wa mwalimu? Kweli ulishastaafu.

#13 Mkaguzi Mstaafu
Marahaba. Nani unadhani amezisoma safu kumi na moja nyingi kuliko mkaguzi?

#14 Mama Darasa la Kwanza
Jamani, mnaiacha imani kwa mtoto. Madhumuni ya mwalimu ni kuamini kwamba huyu aliye mbele yake atafika. Rosenthal na Jacobson walithibitisha mwaka 1968: walimu waliambiwa watoto fulani watachanua mwaka huo, majina yalichaguliwa kwa kubahatisha tu, na wale watoto wakapanda kwelikweli. Ukiingia na matarajio makubwa, darasa linabadilika.

#15 Mdadisi
Mama, nusu ni kweli. Waliotajwa walikuwa kama asilimia 20 ya wanafunzi, na tofauti ilionekana hasa madarasa mawili ya mwanzo. Madarasa ya juu haikuonekana vizuri, na vipimo vyenyewe vilikosolewa mwaka huo huo. Kisha Raudenbush mwaka 1984 alikusanya majaribio ya aina hiyo akakuta jambo la maana: mwalimu aliyekuwa na watoto zaidi ya wiki mbili kabla ya kuambiwa hayo hakuathirika karibu hata kidogo. Alikuwa ameshawajua kwa macho yake, maneno ya karatasi hayakumwingia.

Kwa hiyo kumwambia mwalimu katikati ya muhula "waamini watoto wako" ni kuchelewa. Ameshafanya hukumu.

#16 Mama Darasa la Kwanza
Basi wiki mbili hizo za mwanzo ndizo zenye thamani, hoja yangu imepata nguvu, haijapungua! 

Na baada ya hapo matarajio hayakai kichwani, yanakaa kwenye vitendo vinavyohesabika. Brophy na Good waliyatazama haya mwaka 1970: mwanafunzi anayetarajiwa kushindwa akikosea, mwalimu anahamia kwa mwingine. Anayetarajiwa kufaulu akikosea, anapewa dokezo au swali linarudiwa kwa namna nyingine. Mwalimu mwenyewe hajui kama anafanya hivyo.

Jipimeni. Mpe mwenzako ramani ya viti. Kila unapouliza, aweke alama kwenye kiti cha aliyeulizwa: mstari kama ulisubiri au kumpa dokezo, duara kama ulimwacha ukahama. Dakika 20 zinatosha. Mara nyingi alama zinajaa viti vya mbele na katikati, na duara zinakaa upande mmoja. Hapo huhitaji mahubiri ya imani, unahitaji kuanza kuuliza kwa kufuata orodha.

#17 Fizikia Tu
Kwenye kusubiri, Mary Budd Rowe alipima miaka ya 1970: walimu walisubiri kama sekunde moja baada ya kuuliza. Wakifika tatu, majibu yanarefuka, wanaosema "sijui" au kukaa kimya wanapungua, na wale waliodhaniwa wazito wanaanza kuchangia. Kuna kusubiri kwa aina mbili, na watu wanasahau ya pili: sekunde tatu baada ya MWANAFUNZI kunyamaza. Hapo ndipo anaongeza "kwa sababu…".

Makosa ya kawaida: kutaja jina kabla ya swali (wengine 44 wanapumzika), kurudia swali kwa maneno mengine sekunde ya pili (unavuruga waliokuwa wakifikiri), na kusubiri kwenye swali la kukumbuka tu, ambako kimya hakiongezi kitu.

#18 Sauti ya Chini
Nasoma naona wote mnazungumzia mwalimu ambaye bado ana nguvu. Uchovu wa kazi umetafitiwa tangu Maslach mwaka 1974, na una sura tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi hufanikishi chochote. Mleta mada anatibu sura ya tatu pekee. Ukimpa karatasi 45 za kupanga mtu aliye kwenye sura ya kwanza, umemwongezea kazi.

Kila sura na dawa yake. Aliyeishiwa nguvu anahitaji kupunguziwa: vipindi, zamu, madaftari, kama alivyosema #5. Aliyefika sura ya pili utamjua kwa lugha: hataji tena majina, anasema "hawa", "lile kundi la nyuma". Huyo anahitaji kukutana na mwanafunzi mmoja mmoja kwa jambo dogo, dakika mbili mbili, sio semina. Wa tatu ndiye wa mleta mada.

#19 Mdadisi
Aliyeandika juu ya uchovu wa kazi mwaka 1974 ni Freudenberger, si Maslach. Kipimo cha Maslach na Jackson chenye sura hizo tatu kilitoka 1981. Mengine yote sina tatizo nayo, na hiyo ya kutenganisha dawa ndiyo komenti bora mpaka sasa.

#20 Dawati la Nyuma
Mdadisi ana kalamu nyekundu kuliko Kalamu Nyekundu.

#21 Kalamu Nyekundu
Mimi siku hizi kijani.

#22 Ubao Mweusi
Wito, imani, uhuru, uchovu. Ongezeni kitu cha hovyo zaidi: dakika za kuanza. Mtafiti Kounin mwaka 1970 alitazama madarasa akitafuta namna bora ya kukemea. Akakuta namna ya kukemea haitofautishi sana darasa tulivu na la vurugu. Kilichotofautisha ni kinachofanyika kabla: mwalimu kuonekana anajua kinachoendelea kila kona, kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, na kuhama kutoka shughuli moja kwenda nyingine bila kusuasua.

Hesabu yangu ni hii. Ukipoteza dakika nne kila kipindi kutuliza darasa, kwa vipindi sita ni dakika 24 kwa siku, saa mbili kwa wiki. Saa mbili za kusema "kimya!". Hakuna wito unaohimili hayo.

Utaratibu: kazi fupi iwe ubaoni kabla hawajaingia, kitu cha jana, maswali matatu, isihitaji maelezo. Karatasi zigawiwe kwa safu, mtu wa mwisho wa kila safu ndiye anayekusanya. Maelekezo yawe na mambo manne na usigawe chochote kabla ya kuyamaliza: mnafanya nini, na nani, kwa muda gani, na ukimaliza unafanya nini. La nne likisahaulika, waliowahi kumaliza ndio wanaoanzisha fujo, halafu wanaonekana watovu wa nidhamu.

#23 Mzee wa Ratiba
Nimerudi. Mdadisi alinipiga kwenye Herzberg, sawa. Lakini pesa bado haijajibiwa. Mlipeni mwalimu kwa matokeo muone kama hataamka.

#24 Mdadisi
Imejaribiwa, mzee wangu, na majibu hayalingani. Nashville, Marekani, walimu wa hisabati waliahidiwa hadi dola 15,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Kwa ujumla alama za wanafunzi hazikutofautiana na za wasioahidiwa. Kenya, Glewwe, Ilias na Kremer walikuta alama za mitihani iliyohusishwa na zawadi zilipanda, lakini mahudhurio ya walimu hayakubadilika. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani, na faida haikudumu. India, jimbo la Andhra Pradesh, Muralidharan na Sundararaman walikuta ongezeko la kweli katika hisabati na lugha baada ya miaka miwili.

Na kupandisha mshahara bila masharti: Indonesia waliongeza mara mbili mshahara wa msingi wa walimu waliopata cheti cha kuthibitishwa kitaaluma. Walimu waliridhika zaidi na waliokuwa na kazi ya pili walipungua. Kujifunza kwa wanafunzi hakukubadilika ndani ya miaka miwili hadi mitatu.

#25 Mzee wa Ratiba
Waliridhika na waliacha kazi ya pili. Hilo kwako dogo? Mtu anapumzika jioni. Na miaka mitatu ni mifupi: mshahara mzuri unabadili NANI anaingia kwenye ualimu, hilo huwezi kulipima kwa walimu wale wale.

#26 Mdadisi
Hapo una hoja, na hilo jaribio halikulipima.

#27 Ofisi ya Taaluma
Kwa wanaoongoza shule, mjadala wa zawadi una somo dogo. Lepper, Greene na Nisbett mwaka 1973 waliwagawa watoto wadogo waliopenda kuchora katika makundi matatu: walioahidiwa cheti, waliopewa cheti bila kuahidiwa, na ambao hawakupewa. Baadaye walioahidiwa walichora kidogo zaidi wakiachwa huru. Waliopewa kwa ghafla hawakupungua.

Watoto si walimu, najua Mdadisi anainua mkono. Lakini kama unataka kumshukuru mwalimu, usitangaze mashindano ya mwalimu bora wa mwezi. Mwambie jambo mahsusi uliloliona: "swali lako la pili limewafanya wabishane kwa hoja". "Hongera kwa kujituma" haimwambii arudie nini. Na usimwambie mbele ya wengine kama ni sifa ya kulinganisha, maana umemsifu mmoja na kuwakemea ishirini.

Kutembelea darasa nako: dakika kumi, bila fomu ya alama, swali moja ambalo mwalimu mwenyewe amelichagua ("angalia kama kundi la dirishani wanaandika"). Ukienda na fomu, utaona somo la kuigizwa.

#28 Bi Hisabati
Narudi kwa mleta mada, kuna hatari hujaitaja. Ari ikitegemea kuona fungu la kwanza limejaa, mwalimu atajikuta anashusha swali mpaka lijae. Hakuna anayemlazimisha, mkono unashuka wenyewe. Baada ya wiki chache ana furaha na darasa lisilojifunza.

Mtafiti wa ufundishaji Rosenshine anataja kiwango cha kufaulu cha karibu asilimia 80 wakati wa mazoezi kuwa kizuri. Kwa darasa la 45 ni wanafunzi 36. Ukipata 45 kati ya 45 siku tatu mfululizo, usisherehekee, swali lako ni jepesi. Ukipata 15, usikate tamaa, umeruka hatua. Njia ya kujizuia: andika lile swali la dakika tano za mwisho KABLA ya kuandaa somo, na usilibadilishe saa ya mwisho.

#29 Chaki Nyeupe
Nakubali hatari ipo. Kuandika swali kwanza naona ndiyo kinga bora. Ila bado sijaona aliyeonyesha wito unaodumu bila ushahidi wowote wa maendeleo.

#30 Kurasa za Kale
Mimi wa historia na fasihi, na naona uzi huu umetekwa na hisabati. Kwenye masomo yetu swali la dakika tano halionyeshi kitu. Mwanafunzi hajifunzi kujenga hoja Jumanne saa nne. Mwanasosholojia Dan Lortie mwaka 1975 alieleza vizuri kwamba malipo makubwa ya mwalimu ni ya moyoni, kumfikia mwanafunzi, na kwamba kazi hii imejaa kutokuwa na uhakika, kwa sababu huwezi kujua ni kipi kati ya ulivyofanya kilichozaa. Anayetegemea ushahidi wa kila siku katika fasihi atakufa njaa. Huku ndiko madhumuni ya mbali yanakohitajika, na ndiyo yanayombeba mwalimu mpaka ushahidi ufike.

Ushahidi wenyewe tunaupata hivi: wiki ya kwanza, kila mmoja aandike aya moja ya kujibu swali la hoja, dakika 15, bila msaada. Usisahihishe. Weka kwenye jalada. Wiki ya sita, swali la aina hiyo hiyo, dakika 15. Ziweke mbili mbili na uangalie vitu vitatu tu: kuna dai? kuna ushahidi uliotajwa kwa jina au mwaka? kuna sentensi inayounganisha ushahidi na dai? Hiyo ya tatu ndiyo inayochelewa kwa kila darasa. Wape wanafunzi nao wajilinganishe. Kosa la kawaida ni kuisahihisha ile ya kwanza: wanaikariri, na ya pili inakuwa nakala.

#31 Mkaguzi Mstaafu
Hatua sifuri imepatikana. Ahsante Kurasa.

#32 Chaki Nyeupe
Haijapatikana mzee, imesogezwa wiki sita mbele 😀

#33 Sauti ya Chini
Na wiki sita hizo nani anaondoa zamu na madaftari? Bado mnamzungumzia mwalimu mwenye nguvu.

#34 Mgeni wa Leo
Salaam. Nimesoma wote. Swali la vitendo: darasa lina wanafunzi 90, karatasi hakuna, na madawati yamebanana huwezi kupita. Hilo fungu la kati nalipataje?

#35 Kalamu Nyekundu
Vidole. Andika swali lenye majibu manne ubaoni, kila jibu baya litokane na kosa halisi (soma #7 jinsi ya kuyatengeneza). Hesabu mpaka tano kimya wafikiri, kisha waonyeshe kidole kimoja hadi vinne kwa pamoja ukisema "sasa". Neno "sasa" ni la lazima, wakitoa mmoja mmoja watamfuata anayejulikana ana akili. Huhesabu 90. Chagua safu mbili kabla, hesabu hizo tu, andika idadi pembeni mwa andalio. Siku inayofuata badilisha safu.

#36 Fizikia Tu
Vidole viwe kifuani, wasiinue mkono juu. Mkono ukiwa juu aliye nyuma anaona kila kitu. Na jibu sahihi lisiwe namba ile ile mara mbili mfululizo, wanashtukia upesi.

#37 Dawati la Nyuma
Aliye nyuma nimesikia. Safu yangu msiichague kesho.